Malaika Katika Imani ya Kanisa na Katika Utunzaji wa Roho

Kati ya mafundisho ambayo kanisa letu huyaungama kila Jumapili lakini huyahubiri mara chache, fundisho juu ya malaika laweza kuhesabiwa la kwanza. Katika Imani ya Nikea tunamkiri Mungu kuwa Muumba si wa vile tu tunavyoviona, bali pia wa vile tusivyoviona. Katika liturgia ya Chakula cha Bwana, kabla ya kuimba wimbo ule ambao Isaya aliusikia kwa maserafi (Isa. 6), twaalikwa kuziunganisha sauti zetu na za malaika na malaika wakuu. Tena watoto wetu wa Kipaimara hukariri sala za asubuhi na jioni zilizomo katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, na sala zote mbili huishia kwa kumwomba Mungu malaika wake mtakatifu awe pamoja nasi, adui asipate nguvu juu yetu. Hata hivyo mwombe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aeleze malaika wana sehemu gani katika maisha ya Mkristo, naye mara nyingi atataja Gabrieli na wachungaji wa Bethlehemu, kisha atanyamaza.

Ukimya wetu hauachi nafasi tupu. Washarika wanasikia habari za malaika kutoka kwa wahubiri wa barabarani wanaodai kuwatuma malaika kama mtu anavyotuma tarishi. Wanazisikia kwa jirani zao Waislamu, ambao kwao kuwaamini malaika ni nguzo ya imani. Wanazisikia msibani, pale mama aliyefiwa anapoambiwa kwamba mtoto wake sasa amekuwa malaika. Mchungaji asiyesema neno amekubali haya yote yawe katekisimo ya usharika wake. Kwa hiyo tunaona vema kulichunguza jambo hili upya, si kwa ajili ya udadisi juu ya mbingu, bali kwa sababu ya watu tunaowazika na watu tunaowaombea safari.

Jina la kazi

Neno malaika limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na shina lake ni lilelile la neno la Kiebrania mal'akh, yaani mjumbe. Neno la Kiyunani, angelos, lina maana hiyohiyo. Katika lugha hizo mbili za Biblia neno hilo halikutengwa kwa ajili ya viumbe wa mbinguni peke yao. Katika Mwa. 32 limetumika katika mstari wa 1 kwa malaika wa Mungu waliokutana na Yakobo njiani, na katika mstari wa 3 kwa watu aliowatuma mbele yake kwenda kwa Esau. Nabii Malaki jina lake ni "mjumbe wangu", naye katika Mal. 2:7 anampa kuhani cheo hichohicho. Yohana Mbatizaji anaitwa angelos katika Mk. 1:2. Ndiyo maana Augustino alifundisha kwamba malaika ni jina la kazi, wala si jina la asili: kwa asili yao wao ni roho, na huitwa malaika kwa sababu wanatumwa. (Wako wanaowafasiri wale malaika wa makanisa saba katika Ufu. 2–3 kuwa ndio wachungaji wa makanisa hayo. Fasiri hiyo haiwezi kutupwa moja kwa moja, ila tumeona kwamba wachungaji huipenda kuliko wataalamu wa maandiko.)

Kiswahili kimelipa neno hili kazi nyingine pia. Mtoto mchanga huitwa malaika. Vinyweleo laini vya mwilini huitwa malaika. Na wimbo maarufu wa mapenzi unaojulikana duniani kote humwita mpenzi kwa jina hilo. Hatulalamiki, kwa kuwa lugha ina haki yake. Lakini mhubiri na ajue kwamba msikilizaji wake anaposikia neno hilo huwaza kitu laini, kipole na kizuri, tena mara nyingi huwaza picha zile za kalenda zenye vitoto vyeupe vyenye mabawa. Katika Biblia mabawa ni ya makerubi na maserafi. Wajumbe waliofika kwa Ibrahimu na kwa Lutu walidhaniwa kuwa wasafiri wa kawaida. Na pale utukufu wao ulipoonekana, kilichotokea kwanza si faraja. Ni hofu, hata mjumbe alilazimika kumwambia mtu asiogope kabla ya kumwambia jambo lolote.

Inafaa pia kukumbuka ni nani aliyemwona malaika wa Bwana wa kwanza kutajwa katika Maandiko. Si Ibrahimu, wala si Musa. Ni Hajiri, mjakazi Mmisri, binti wa bara hili, mwenye mimba, aliyekimbia mateso ya bibi yake (Mwa. 16:7). Katika sura hiyo Sarai na Abramu hawamtaji kwa jina hata mara moja. Kwao yeye ni mjakazi tu. Malaika anamwita Hajiri, anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Mwanafunzi anayetaka kujua kazi ya malaika aanzie hapo kwenye kisima cha jangwani, kabla hajafika kwenye madaraja ya mbinguni.

Mambo waliyoyabakiza na waliyoyaacha Watengenezaji

Madaraja hayo tumerithi kutoka kwa mwandishi aliyejificha chini ya jina la Dionisio wa Areopago, ambaye mwishoni mwa karne ya 5 au mwanzoni mwa karne ya 6 alipanga majeshi ya mbinguni katika ngazi tisa. Zama za Kati zilimsoma kana kwamba ni mwanafunzi wa Mtume Paulo mwenyewe. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya utekwa wa kanisa Babeli, alimkataa waziwazi akaona mengi yaliyomo humo ni ndoto. Calvin naye alisita kusema kwa hakika kwamba kila mtu ana malaika wake mmoja; aliona kwamba Mt. 18:10 yatosha kutufundisha kuwa wadogo hawadharauliwi mbinguni.

Lakini Luther hakuwatupa malaika pamoja na ngazi zao. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wetu, wanaodhani kwamba kila kilichofanana na Ukatoliki kilifutwa. Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, katika Makala ya 21, unakubali kwamba malaika hutuombea, na ushahidi wake ni Zek. 1:12, ambapo malaika anaulizia rehema kwa ajili ya Yerusalemu. Makala za Schmalkald za mwaka 1537 zinarudia jambo hilo, kisha zinaweka mpaka: kutokana na kwamba wanatuombea haifuati kwamba nasi tuwaombe wao. Ndio msimamo wetu hadi leo. Sala ya Katekisimo haisemi na malaika. Inasema na Baba, na kwake yeye inaomba atume malaika. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini injili yote imesimama juu yake.

Mpaka huo si uvumbuzi wa Wajerumani. Mtume Paulo aliwaonya Wakolosai juu ya ibada ya malaika (Kol. 2:18), na katika karne ya 4 mtaguso uliokutana Laodikia, mji jirani na Kolosai, ulilazimika kuikataza tena. Yohana alipoanguka miguuni pa malaika, aliinuliwa na kuambiwa kwamba aliye mbele yake ni mtumishi mwenzake (Ufu. 22:8–9). Malaika wa kweli hujulikana kwa kukataa heshima isiyo yake.

Katika karne ya 20 wanatheolojia wa Ulaya walielekea upande mwingine. Mwaka 1941 Rudolf Bultmann alidai kwamba mtu anayetumia taa ya umeme na redio hawezi wakati uleule kuuamini ulimwengu wa roho wa Agano Jipya. Sharika zetu hazikupata taarifa hiyo. Zina umeme, redio na simu za mkononi, na bado zinakemea pepo. Karl Barth alitusaidia zaidi. Mwaka 1950, katika Mafundisho ya Kanisa, aliwatengea malaika sehemu ndefu, akashikilia kwamba hawana jambo la kwao wenyewe la kutangaza, na kwamba tukiwachunguza mbali na Mungu anayewatuma hatutapata chochote cha kuchunguza.

Petro na Yakobo

Hapa twafika penye ugumu wenyewe. Shuhuda nyingi zinazotolewa makanisani mwetu ni za namna hii: basi lilipinduka, watu wakafa, mimi malaika alinitoa nikiwa mzima. Usharika hujibu kwa shangwe. Lakini katika benchi la tatu ameketi mjane ambaye mume wake alikuwa katika basi lilelile. Yeye anajiuliza swali ambalo hatathubutu kulisema kwa sauti: malaika wa mume wangu alikuwa wapi?

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria ilipokuwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Walikuwamo humo Wakristo waliokuwa wamesali sala ya jioni waliyofundishwa utotoni. Tunashikilia kwamba neno lolote linalohubiriwa Tanzania juu ya ulinzi wa malaika halina budi kuwa neno linaloweza kusemwa mbele ya waliofiwa wa siku ile. Lisipoweza kusemwa pale, lisisemwe mahali popote.

Luka anatusaidia kuliko tunavyodhani. Katika Mdo. 12 anasimulia kwa urefu jinsi malaika alivyomwamsha Petro gerezani, minyororo ikaanguka, lango la chuma likafunguka lenyewe. Kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua habari hiyo. Lakini katika mstari wa 2 wa sura hiyohiyo, kwa maneno machache mno, Luka amekwisha kutuarifu kwamba Herode alimwua Yakobo ndugu wa Yohana kwa upanga. Mfalme ni yuleyule, kanisa ni lilelile, na Yakobo alikuwa mmoja wa wale watatu waliomwona Bwana akigeuka sura mlimani. Luka haelezi. Hasemi kwamba Yakobo alipungukiwa imani wala kwamba kanisa lilisahau kumwombea. Anaziweka habari hizi mbili pamoja na kuziacha zikae pamoja. Vivyo hivyo na Stefano: baraza liliuona uso wake kama uso wa malaika (Mdo. 6:15), na mawe yakampiga hata hivyo.

Tukiyasoma Maandiko kwa makini tunaona kwamba malaika mara nyingi haondoi jambo. Anamtia mtu nguvu ya kulipitia. Eliya aliomba kufa; malaika hakumwua Yezebeli, alimletea mkate na maji, kisha akamwonya kwamba safari ni ndefu (1 Fal. 19). Katika Gethsemane, kadiri ya Lk. 22:43, malaika alimtokea Bwana akamtia nguvu, na kikombe hakikuondoka. Mstari huu haumo katika baadhi ya nakala za kale, jambo ambalo mwanafunzi hana budi kulijua. Lakini kanisa limeusoma tangu zamani, na unakubaliana na mwendo wa injili nzima. Ndiyo maana shetani alipoinukuu Zab. 91 juu ya kinara cha hekalu, aliacha maneno yahusuyo kulindwa katika njia zako zote. Zaburi haikuahidi ulinzi kwa mtu anayeruka kutoka kinarani, bali kwa mtu aliye katika njia aliyopewa, na njia ya Bwana ilielekea msalabani.

Kuna habari nyingine inayostahili kusomwa na watu wa ziwani. Katika Mdo. 27 malaika anamwambia Paulo usiku kwamba hakuna hata mmoja wa watu wa chomboni atakayepotea. Walikuwa 276. Je, baada ya neno hilo mabaharia waliketi wakangoja? Paulo anawazuia wasitoroke na mashua, anasema wazi kwamba wakiondoka, wengine hawawezi kuokoka. Anawahimiza wale chakula. Ngano inatupwa baharini ili kupunguza mzigo. Mwishoni merikebu inavunjika, nao wanafika pwani kwa kuogelea na kwa kushikilia mbao. Neno la malaika halikuifuta kazi ya baharia. MV Bukoba ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Mhubiri atakayesema juu ya vifo vile kana kwamba ni fumbo la majeshi ya mbinguni peke yake amewafunika watu waliopaswa kuwajibika. Mungu hulinda kwa malaika, na hulinda pia kwa mkaguzi mwaminifu, kwa dereva asiyekunywa pombe, kwa nahodha anayekataa abiria wa ziada. Mtu anayeiacha kazi hiyo na kumwachia malaika amefanya lile ambalo Bwana alilikataa juu ya hekalu.

Basi yule aliyetoka salama katika basi asinyamazishwe. Amshukuru Mungu, na usharika ushukuru pamoja naye. Ila mchungaji afuate ushuhuda huo kwa kuyataja majina ya waliokufa, katika sala ileile, akimshukuru Mungu ambaye malaika wake walimchukua Lazaro mpaka kifuani mwa Ibrahimu (Lk. 16:22). Lazaro naye hakuponywa vidonda vyake hapa duniani. Malaika walifika alipokufa.

Habari hiyo ya Lazaro yatakiwa ihubiriwe zaidi kwa sababu nyingine. Watu wetu wengi, Wakristo kwa Waislamu, humwogopa Izraili mtoa roho. Jina hilo halimo katika Biblia yetu. Halimo hata katika Kurani, ambayo hutaja malaika wa mauti pasipo kumpa jina, bali limetoka katika mapokeo. Hatuna sababu ya kubishana na jirani zetu juu yake. Tunajua pia kwamba Maandiko yanamtaja mharabu katika usiku wa Pasaka. Lakini kitandani pa Mkristo anayekufa, Bwana ametupa picha ya wachukuzi, na mchungaji awe nayo mdomoni.

Mtoto aliyefariki

Pengine hakuna mahali ambapo neno malaika hutumika zaidi kuliko penye kaburi dogo. "Usilie mama, umepata malaika mbinguni." Wanaosema hivyo husema kwa upendo, na mchungaji asiyesimama kuwasahihisha mbele ya jeneza amefanya vema. Kuna saa ya kufundisha na saa ya kukaa kimya. Hata hivyo yeye mwenyewe asilisema neno hilo, kwa kuwa anampa mama kitu kidogo kuliko alichopewa na Mungu.

Mwanadamu hawi malaika. Bwana alisema kwamba wana wa ufufuo watakuwa sawa na malaika kwa kuwa hawafi tena wala hawaoi (Lk. 20:35–36), lakini kufanana si kugeuka. Malaika hana mwili wa kufufuliwa. Malaika hakubatizwa. Mwana wa Mungu hakuitwaa asili ya malaika, bali alishiriki damu na nyama (Ebr. 2:14–16), na mambo ya wokovu wetu ni mambo ambayo malaika wanatamani kuyachungulia (1 Pet. 1:12). Mama yule hangoji kiumbe mwenye mabawa asiyemjua. Anangoja mwanawe, mwenye jina lilelile aliloitwa kwenye beseni la ubatizo. Tukiwa na mama ambaye mtoto wake alifariki kabla ya ubatizo, hatumwachi mikono mitupu: twamkabidhi mtoto kwa yeye aliyewakumbatia watoto wadogo na kusema kwamba malaika wao huuona uso wa Baba siku zote. Angalieni, alisema malaika wao. Watoto ni watoto, na malaika ni watumishi wao.

Wengine hupenda kulinganisha malaika na wale ambao John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika, aliwaita wafu walio hai. Kuna mfanano: wote hufikiriwa kuwa karibu na nyumba, wote huhusishwa na ulinzi. Lakini mzee aliyekufa huilinda nyumba yake, na hukasirika asipokumbukwa. Malaika hana ukoo, hadai sadaka, na jina lake kwa kawaida hatulijui. Katika vitabu sitini na sita vya Biblia yetu ni wawili tu walio na majina, Gabrieli na Mikaeli, na Rafaeli twampata katika Tobiti. Manoa alipotaka kumwandalia mjumbe chakula, aliambiwa kwamba akitaka kutoa sadaka amtolee Bwana (Amu. 13:16).

Juu ya wale wanaodai kuwatuma malaika hatuna haja ya maneno mengi. Malaika wanaitii sauti ya Mungu (Zab. 103:20), na katika Zab. 91 anayewaagiza ni yeye. Hata Mwana wa Mungu, alipotaja majeshi kumi na mawili ya malaika, alisema kwamba angemsihi Baba yake (Mt. 26:53). Ikiwa Bwana mwenyewe angesihi, mhubiri anayeamuru, tena kwa malipo, ameupata wapi ukubwa huo? Paulo aliwaonya Wagalatia kwamba hata malaika kutoka mbinguni akileta injili nyingine alaaniwe (Gal. 1:8). Kwa hiyo maono hupimwa kwa injili, na mtu aliyeota ndoto asikilizwe kwa upole na kuulizwa: huyo uliyemwona alikuelekeza kwa nani?

Twapenda kumalizia kwa jambo la utaratibu wa ibada. Tarehe 29 Septemba ni sikukuu ya Mikaeli na malaika wote. Walutheri wa Ujerumani waliendelea kuiadhimisha baada ya Matengenezo. Philipp Melanchthon aliitungia wimbo wa Kilatini, na Johann Sebastian Bach aliiandikia kantata huko Leipzig mwaka 1724 na tena mwaka 1726. Kwetu inapita mara nyingi bila kuonekana, hasa ikiangukia katikati ya juma. Hakuna kinachomzuia mchungaji kuisogeza kwenye Jumapili iliyo karibu. Somo la Ufu. 12:7–12 lisomwe mpaka mwisho wake, kwa kuwa wengi huishia penye vita vya Mikaeli, hali mstari wa 11 unasema kwamba ushindi ulipatikana kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa neno la ushuhuda wa watu waliokubali kufa. Kisha, katika sala ya kanisa, yatajwe majina ya washarika waliofariki njiani na majini katika mwaka huo, na watoto wao wakipenda washike mishumaa.